Panzi, Nzige na Jina Langu

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Kuna maneno tunayoyatamka kila uchao, tunayaandika katika insha na kupewa alama zetu, ilhali hatujawahi kuyasimamisha njiani na kuyauliza: wewe umetoka wapi, na kwa nini unaitwa hivyo? Katika makala haya nimelisimamisha neno moja, panzi, pamoja na ndugu yake mwenye sifa mbaya, nzige. Najua utasema, jamani, kati ya maneno yote ya Kiswahili huyu ameona wadudu tu? Subiri kidogo. Mimi nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa jina langu.

Jina langu la pili ni Ngigi. Katika lugha ya Kikuyu ngigĩ ni nzige. Wenzangu walipoligundua jambo hilo nikiwa kidato cha kwanza, sikupata amani tena. Nikiingia bwalo la chakula, mtu angepaaza sauti: "Nzige wametua! Ficheni githeri!" Nikiongezewa kijiko kimoja tu, ungesikia, "Basi, msimu huu hatuvuni kitu." Nilikuwa na mwenzangu mmoja katika balaa hili, rafiki yangu anayeitwa Obonyo, kwa maana katika Kijaluo bonyo pia ni nzige. Sisi wawili tulipewa meza yetu, ati tusije tukamaliza nchi.

Mwanzoni nilicheka pamoja nao, lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Kufikia kidato cha tatu, wanafunzi wageni walidhani Nzige ndilo jina langu halisi. Siku moja nililikuta limeandikwa kwenye orodha ya zamu ya kudeki bweni: "Jumamosi: Nzige." Siku hiyo nilideki sakafu kwa hasira hadi ikang'aa. Likizo ilipofika nilimwambia baba kwamba karibu nitatimiza miaka kumi na minane, nitaomba kitambulisho, na kabla ya siku hiyo ningependa tuliondoe jina hilo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Baba hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Jina hilo si langu kulitoa. Ni la Guka wako. Ukitaka kulivua, nenda umwambie yeye kwa mdomo wako mwenyewe."

Wee! Nani angethubutu? Guka ndiye babu yetu mzaa baba. Kwa desturi yetu mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu huyo, kwa hiyo jina ninalolikataa mimi ndilo analoitwa yeye. Mzee huniita rika lake, na nyanya akitaka kunitania huniita mume wake. Nilirudi shuleni bila kwenda kwake. Nilipomweleza mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili, alisema, "Kabla hujaenda kwa mzee, nenda maktaba kwanza. Lijue neno unalolikataa. Usije ukatupa kitu ambacho hukukifungua." Basi nikaanza safari.

Nilianza na panzi, kwa kuwa ndilo jina la jumla. Panzi ni yule mdudu wa nyasini mwenye miguu mirefu ya nyuma, ambaye ukimkaribia anaruka kama amefyatuliwa na manati. Kila mtoto wa shamba amewahi kumshika panzi na kumtazama akitema yale maji ya rangi ya kahawia. Kisarufi yumo katika ngeli ya A-WA kwa sababu ana uhai: panzi huyu anaruka, panzi hawa wanaruka. Wala asikudanganye mtu kwamba panzi ni mpanzi aliyepoteza herufi m njiani. Mpanzi ametokana na kitenzi panda, kama vile mlinzi alivyotokana na linda na mpenzi alivyotokana na penda. Ile m ya mwanzo ndiyo inayomtambulisha mtendaji. Panzi hana m hiyo, na isitoshe, kazi yake ni kinyume kabisa: mpanzi hupanda, panzi hula kilichopandwa!

Lakini kumbe panzi ana maana zaidi ya moja. Kamusi zinaeleza kuwa panzi pia ni aina ya samaki. Tena panzi ni ile ngozi nyembamba ya kahawia iliyoshikamana na nyama ya nazi upande wa kifuu. Maana hii ya pili ilinichanganya, maana kwetu Laikipia nazi tunaiona dukani tu. Nilimwendea mwenzetu mmoja wa kutoka Kilifi, akacheka sana. Alinieleza kuwa mtu anapokuna nazi kwenye mbuzi, akikuna kwa pupa hadi akaifikia panzi, vipande vya kahawia huingia katika chicha nyeupe na kuiharibia sura. Nikamwambia, "Hebu tazama lugha hii: mbuzi asiye na mkia anakuna nazi, na panzi asiyeruka amejificha ndani yake!" Bila shaka panzi wa nazi hawezi kuingia katika ngeli ya A-WA, kwa kuwa hana uhai. Tahajia ni moja, lakini maneno ni mawili.

Mtu asidhani ni Kiswahili peke yake kinachochanganya vya nchi kavu na vya baharini. Katika Kilatini neno locusta lilikuwa na maana ya nzige, na pia lilimtaja mnyama wa baharini wa jamii ya kamba mawe. Ukimtazama kamba mawe vizuri, na lile gamba lake, miguu mingi na papasi ndefu, utakubali kwamba Warumi hawakuwa na makosa sana. Kutokana na neno hilo Waingereza walipata jina la nzige, na Wafaransa wakapata jina la kamba mawe, langouste. Kuhusu panzi mwenyewe, Waingereza waliunganisha nyasi na kuruka. Katika Kiingereza cha kale aliitwa gaershoppa, yaani mrukaji wa nyasini, na hadi leo anaitwa hivyo hivyo. Wafaransa walimwita sauterelle kutokana na kitenzi chao cha kuruka. Kwa hiyo majirani hao walimtazama mdudu huyu wakaona miguu tu.

Sasa njoo kwa nzige, hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Nilidhani kwamba nzige ni neno moja na ngigĩ ni neno jingine, na kwamba kazi yangu ni kutafsiri tu. Mwalimu aliniambia niandike maneno mawili ya Kiswahili, nzi na nzige. Kisha akanitaka niandike jinsi Kikuyu kinavyoyasema. Nikaandika ngi, na chini yake ngigĩ. Nikayatazama. Nzi, ngi. Nzige, ngigĩ. Mahali Kiswahili kinapoanza kwa nz, Kikuyu kinaanza kwa ng. "Sasa unaona?" akasema. "Hayo si maneno manne. Ni mawili, yaliyovaa nguo za nyumba mbili."

Alinieleza kwamba lugha za Kibantu ni kama watoto wa mama mmoja walioolewa mbali. Zamani sana, kabla ya kuwapo Kiswahili au Kikuyu, neno hilo lilikuwa moja. Katika Kiswahili sauti g ya zamani ilipofuatwa na i ya namna fulani iligeuka ikawa z. Ndiyo sababu g ya kwanza katika nzige imebadilika, ilhali ya pili, inayofuatwa na e, imekaa vilevile kana kwamba haikusikia habari. Ukivuka mpaka ukaingia Uganda, Waganda wanasema enzige. Ukiendelea hadi Rwanda na Burundi utasikia inzige. Hakuna aliyeliazima kwa mwenzake sokoni. Wote walirithi.

Nataka ulifikirie jambo hili, msomaji. Neno meza lilikuja na Wareno, kitabu na Waarabu, basi na baiskeli na Waingereza. Tunajua wageni hao walifika lini na kwa chombo gani. Lakini nzige hakuja kwa jahazi. Wazee wa wazee wetu walikuwa tayari wanamtaja kabla ya mtu yeyote kujua kuchora mpaka wa Kenya. Watu hawalindi jina kwa muda mrefu namna hiyo ila kama kinachoitwa kwa jina hilo kinarudi tena na tena. Kama nzige angekuja mara moja akaondoka, jina lake lingekuwa limesahauliwa.

Tena ukoo wa maneno haya ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Kuna tunutu, ambaye ni nzige mchanga asiyeota mabawa, anayetembea kwa kurukaruka chini. Kuna parare na kuna madumadu. Majina haya manne, tunutu, nzige, parare na madumadu, yamepangwa pamoja katika Biblia ya Kiswahili mwanzoni mwa kitabu cha Yoeli, pale nabii anapoeleza jinsi kila kundi lilivyokula yaliyobakizwa na lililotangulia. Wenzetu Waislamu nao wanamjua nzige kutoka katika Qurani, miongoni mwa mapigo yaliyowashukia watu wa Firauni. Kwa hivyo hata mtu wa mjini ambaye hajawahi kukanyaga shamba ameshasikia habari zake katika ibada.

Kisha kuna senene, ambaye jina lake linatia watu mate mdomoni. Senene ni mdudu wa kijani au kahawia anayependwa sana Uganda, na vilevile Bukoba nchini Tanzania. Kwa kweli yeye si panzi kamili. Ukimchunguza utaona papasi zake ni ndefu kuliko mwili, kwa hiyo udugu wake ni wa karibu zaidi na nyenje kuliko na nzige. Waganda walimpa heshima kubwa hata mwezi wa Novemba katika lugha yao ukaitwa Musenene, kwa kuwa huo ndio wakati wa senene kujaa. Wako pia Waganda wa ukoo wa Nsenene, ambao mdudu huyo ni mwiko wao. Basi nilijiuliza: ikiwa ukoo mzima unaweza kujivunia jina la mdudu, mimi ninaficha uso kwa nini?

Hata hivyo swali langu kubwa lilikuwa bado. Ikiwa panzi na nzige wanafanana kwa sura, ni nini hasa kinachowatenganisha? Hapa mwalimu wetu wa Biolojia alinisaidia. Nzige wote ni panzi, lakini panzi wengi hawawezi kuwa nzige. Aina chache tu zina uwezo huo, mmojawapo akiwa nzige wa jangwani. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba yule panzi mpole anayeishi peke yake na yule nzige anayeruka katika wingu ni wadudu wa aina mbili. Mwaka 1921 mtaalamu aliyeitwa Boris Uvarov alitoa maelezo kwamba ni mdudu yule yule katika hali mbili. Akiwa peke yake, anawaepuka wenziwe na ana rangi inayofanana na mazingira yake. Mvua nzuri ikinyesha jangwani, majani yakaota, wanazaliana kwa wingi. Majani yakianza kupungua, wanasongamana mahali padogo. Wanaguswaguswa miguu ya nyuma, na kuguswa huko kunabadilisha mambo ndani ya mwili na ubongo wao. Ndani ya saa chache tu wanaanza kutafutana badala ya kuepukana. Watoto wao wanabadilika hata rangi. Wanapopata mabawa huwa waridi, na wakikomaa huwa manjano.

Kumbe wale wazee waliotupa majina mawili hawakuwa wakirudia neno bure! Panzi ni mdudu akiwa peke yake. Nzige ni mdudu akiwa jeshi. Umoja na wingi wa nzige ni neno moja, nzige huyu na nzige hawa, lakini ni nani amewahi kumwogopa nzige mmoja?

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaeleza kwamba kundi la nzige wa jangwani linaloenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige wazima milioni 80. Kila mmoja hula chakula cha uzito wake mwenyewe kwa siku, takriban gramu mbili. Kundi hilo dogo linakula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Tena upepo ukiwa mzuri, wanaweza kusafiri kilomita 150 kwa siku. Uzipige hesabu hizo wewe mwenyewe. Mimi nilipozipiga niliweka kalamu chini.

Hesabu hizo si za kitabuni tu kwangu, kwa sababu niliwaona. Nzige waliingia Kenya kutoka kaskazini mashariki mwishoni mwa Desemba 2019. Ulikuwa uvamizi mbaya kuliko wowote nchini katika muda wa miaka 70. Januari 2020 kuliripotiwa kundi moja huko kaskazini mashariki lenye urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Wakati huo nilikuwa darasa la sita, na tulikuwa tukisikia habari hizo redioni kama habari za nchi nyingine. Kisha asubuhi moja zikafika kwetu.

Guka alikuwa ameketi nje akiota jua. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, hata watu aliwatambua kwa sauti. Sisi watoto tuliona wadudu wachache wenye rangi ya waridi wakitua kwenye ua, tukaanza kuwakimbiza, "Panzi! Panzi!" Wakaongezeka. Mzee akainua kichwa. Akatuamuru tunyamaze. Kulikuwa na sauti ya kuvuma kutoka upande wa bonde, kama mvua inayokuja ilhali anga halina wingu la mvua. "Hao si panzi," akasema. "Ni ngigĩ. Leteni sufuria."

Ndugu yangu mkubwa alikuwa na simu. Akapiga ofisi moja iliyohusika na mambo ya kilimo, akasema, "Afande, huku kwetu kuna panzi wengi." Sijui kwa nini alimwita afande, ni woga tu. Aliyepokea simu alicheka, tukamsikia akisema, "Kijana, panzi wako kila mahali, hata hapa kwangu wako," akataka kukata. Guka akanyosha mkono, akapewa simu. Kwa Kiswahili chake cha taratibu akasema, "Bwana, mimi ni mzee. Niliwaona hawa nikiwa kijana mchunga mbuzi. Huyo mtoto amekosa jina. Hawa ni nzige." Papo hapo sauti ya upande wa pili ikabadilika. Wanatoka upande gani? Wametua au wanapita? Rangi yao ni gani? Mzee alijibu moja baada ya jingine, mimi nikiwa macho yake, nikimtajia rangi na upande. Ndipo nilipoona jinsi neno moja lilivyo na uzito. Panzi lilifanya mtu mzima acheke. Nzige lilimfanya achukue kalamu.

Sitadanganya kwamba tuliokoa kila kitu. Tulipiga sufuria, tukapuliza filimbi, tukafukiza moshi wa nyasi mbichi, mpaka mikono ikafa ganzi. Jioni maharagwe yetu yalikuwa vijiti na malisho ya mbuzi yalikuwa yamenyolewa. Lakini siku iliyofuata majirani wa ng'ambo ya bonde walikuwa tayari wameshaonywa, na kabla ya juma kwisha tuliiona ndege ya kunyunyiza dawa ikipita juu yetu.

Nilipokwisha kuyakusanya haya yote katika daftari langu, ndipo nilipopata nguvu za kwenda kwa Guka. Nilikwenda Jumamosi moja ya likizo nikiwa nimebeba sukari na majani chai. Nikamsalimu, nikaketi chini, nikamwambia ukweli wote: bwalo, githeri, orodha ya kudeki, cheti cha kuzaliwa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliyosema aliyasema kwa Kikuyu, nami nayatafsiri nijuavyo.

"Rika yangu," akasema, "jina hilo nililipewa na baba yangu, kwa kuwa ni la baba yake. Na huyo naye alilipata kwa babu yake. Ukifuata nyuma hivyo hivyo, utamkuta mtu wa mwaka wa nzige. Unadhani walimwita hivyo kwa sababu alikula mashamba ya watu?"

Nikasema, "Hapana, Guka."

"Walimwita hivyo ili mwaka ule usipotee. Wenye kalamu waliandika vitabuni. Sisi tuliandika katika watoto. Rika za tohara ziliitwa kwa mambo yaliyoipata nchi: ndui, njaa, nzige. Ukisikia jina, unajua watu walipitia nini. Na ukimwona anayeitwa kwa jina hilo akitembea, unajua kwamba walipona."

Nilikaa kimya. Nilikumbuka kwamba Obonyo naye aliniambia hivyo hivyo: Wajaluo humpa mtoto jina hilo, Obonyo kwa mvulana na Abonyo kwa msichana, anapozaliwa wakati nzige wamevamia. Lugha mbili ambazo hata si za mama mmoja, kwa kuwa Kijaluo si cha Kibantu, zilifikiria jambo lile lile.

Kisha mzee akasema jambo ambalo hadi leo sijaweza kulisimulia bila kumeza mate. "Ukitaka kulitoa, litoe. Sitakukasirikia, hao wanaokucheka hawanichekei mimi. Lakini mimi ni mzee. Siku nikiondoka, nataka mtu akiita jina langu hapa uani, kuwe na mtu wa kuitika."

Jina langu sikuliondoa. Fomu ya kitambulisho nitaijaza na Ngigi ndani yake, herufi tano, kwa wino mweusi. Anayetaka kuniita Nzige na aniite. Sasa ninajua kwamba ananiita kwa neno lile lile kwa lahaja ya nyumba ya pili, na ninaitika.

Wanafunzi wenzangu, nina mawili ya kuwausia kabla sijatua kalamu. La kwanza ni juu ya wingi. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, nao walikuwa na maana kwamba wanyonge wakigombana hunufaika adui yao. Hilo tunalijua sote, tumelitungia insha mara nyingi. Lakini mdudu huyu ana somo jingine. Kila tunaposikia habari za shule fulani ambayo bweni lake limeteketea usiku, tunauliza ni majambazi gani walifanya hivyo. Mara nyingi hawakuwa majambazi. Walikuwa vijana kama sisi, kila mmoja wao mpole akiwa peke yake, waliosongamana gizani wakaguswaguswa na maneno hadi wakageuka kitu ambacho hata wazazi wao wasingekitambua. Mdudu hawezi kujizuia akishasongamana. Sisi tunaweza kutoka katika msongamano, na huo ndio utu.

La pili ni juu ya lugha zetu za nyumbani. Wengi wetu tunaona haya kuzisema shuleni, ati ni ushamba. Mimi nisingelijua neno la Kiswahili nzige kama nisingelikuwa na ngigĩ ya Guka mkononi ya kulinganisha nayo. Mwacha mila ni mtumwa, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Chama chetu kimeanzisha daftari, na mwalimu mlezi ameliweka maktaba, karibu na dirisha. Ukurasa wa kwanza una neno panzi na wa pili neno nzige. Chini yake kuna nafasi ya kila mmoja kuandika linavyosemwa kwao: Meru, Taita, Kakamega, Kisii, Garissa, Turkana, kokote. Ukienda nyumbani likizo hii, muulize nyanya au babu yako. Muulize na mwaka alioziona nzige wenyewe, kama aliwahi kuwaona, na kama kuna mtu wa ukoo aliyeitwa kwa ajili yao. Andika upesi, kwa maana wazee hawatungoji. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari, msiichukue.